Sangara mkubwa wa Rubondo ni mali kubwa zaidi akiwa hai

Anayevua sangara kwa ufito katika maji ya kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, mkoani Geita, hushusha chambo bandia cha risasi hadi karibu na miamba, akakiinua kidogo, kisha akakiachia kishuke tena. Muda mrefu hupita bila samaki kula. Halafu, mara nyingi chambo kikiwa kinashuka, huja mshtuo unaoweza kumpokonya mtu mzima ufito wake. Nguvu hiyo inatokana na maumbile ya samaki mwenyewe. Sangara mkubwa hujibanza kwenye kivuli cha mwamba, na windo likisogea hufungua domo lake ghafla, maji na kilichomo vikafyonzwa ndani kwa pamoja, naye papo hapo akageuka kurudi alikotoka. Mshipi wa kisasa uliosukwa haunyumbuki, hivyo kishindo chote cha kugeuka huko humfikia mvuvi mkononi. Sangara anaweza kukaribia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200, na rekodi ya dunia ya aliyevuliwa kwa ufito, kilo 104 na ushei, iliwekwa mwaka 2000 katika Ziwa Nasser, Misri. Wapo watu wanaovuka mabara kuutafuta mshtuo huo, wakapiga picha, wakamrudisha samaki majini. Nasema hiyo ni mali ya Geita, na mpaka sasa tunaitumia kidogo mno.

Soko la leo linamthamini sangara mkubwa kwa namna moja tu: akiwa amekufa. Minofu yake huenda kiwandani, na bondo lake, kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni, hukaushwa na kusafirishwa hadi China, ambako huuzwa kwa bei ya juu. Kadiri samaki anavyokuwa mkubwa ndivyo bondo linavyokuwa zito, kwa hiyo soko linamsukuma mvuvi kuwatafuta wale wakubwa kabisa. Hapo ndipo penye hatari. Madume ya sangara hupevuka mapema na kubaki madogo kuliko majike. Wale wanaozidi mita moja wengi wao ni majike, na jike kubwa hubeba mayai kwa mamilioni. Kwa sababu hiyo nchi tatu zinazolimiliki Ziwa Victoria zilikubaliana, kupitia jumuiya yao ya uvuvi yenye makao Jinja, kwamba sangara wa kuvuliwa awe kati ya sentimita 50 na 85. Kikomo cha chini kinaeleweka kwa kila mtu, maana mtoto lazima akue. Kikomo cha juu, kinachomlinda mzazi, ndicho kinachogongana na pesa.

Tumeshajaribu kuwalinda samaki hawa kwa nguvu peke yake. Operesheni Sangara ya mwaka 2018, msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu, iliteketeza nyavu nyingi haramu, na nyingine kati ya hizo zilistahili kuteketezwa, kwa kuwa nyavu za kokoro na timba huzoa hata watoto wa samaki. Lakini operesheni ile iliacha pia uchungu mkubwa mialoni, na mvuvi mwenye uchungu hawezi kuwa mlinzi wa ziwa. Kinachokosekana ni sababu ya kiuchumi ya kumwacha mama sangara aishi. Rubondo inaweza kuitoa. Kisiwa hicho na maji yanayokizunguka vimekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 1977. Uvuvi wa biashara umepigwa marufuku humo, na mgeni huruhusiwa kuvua kwa ufito kwa kulipia. Samaki wanaozaliana humo hawatambui mpaka wa hifadhi, nao baadaye huvuliwa na watu wa mialo ya Nkome na Muganza. Mgeni anayelipia siku ya kuvua na kuachia huacha ada, hukodi boti, hulala na kula hapa, na sangara yule yule anaweza kumlipa mwongoza boti tena msimu ujao.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuchezea chakula mbele ya watu wenye njaa. Hoja hiyo ni nzito na siibezi, kwa kuwa familia nyingi za kandokando ya ziwa zinaishi kwa samaki, na sokoni Shinyanga na Kahama samaki wa ziwani ni kitoweo cha kila siku. Lakini minofu ya sangara mkubwa kwa sehemu kubwa husafirishwa nje, na bondo lake halimfikii mlaji wetu kabisa. Samaki anayelisha nyumba zetu ni dagaa, sato na sangara wa ukubwa wa kati, na sangara huyo wa kati hazaliwi pasipo mama. Wengine watakumbusha kwamba sangara mwenyewe ni mgeni aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akawala furu, samaki wa asili, hata aina zao nyingi zikatoweka. Ni kweli, na hasara ile hailipiki. Hata hivyo hakuna njia ya kumwondoa leo, na ninachotetea ni eneo moja la mazalia, sehemu nyingine ya ziwa iendelee kuvuliwa kwa kanuni.

Pingamizi gumu zaidi ni la kitaalamu, kwamba samaki aliyeachiliwa anaweza kufa hata hivyo. Sangara anayevutwa haraka kutoka kwenye kina kirefu hupanuka bondo kwa sababu shinikizo la maji limepungua, akashindwa kuzama tena. Kwa hiyo uvuvi huu lazima uwe na masharti: avuliwe kwenye maji ya kina kifupi, kwa ndoano zisizo na kibimbi (kijino kinachozuia ndoano kuchomoka), asiburutwe kwenye sakafu ya boti, apimwe na kupigwa picha upesi huku ameshikiliwa majini. Masharti hayo yanahitaji waongozaji waliofunzwa, na waongozaji wanaofaa ni vijana wa mialo hiyo hiyo, wanaoijua miamba na upepo wa ziwa kuliko mtaalamu yeyote wa kutoka mbali.

Fedha za kuanzia zipo. Tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, kampuni za madini zinapaswa kukubaliana na halmashauri juu ya mpango wa huduma kwa jamii, na mgodi wa Geita umekuwa ukichimba dhahabu tangu 2000. Kahama wameshauona mgodi ukifika mwisho: Buzwagi uliacha kuzalisha mwaka 2021, na mji ukalazimika kutafuta njia nyingine ya kuishi. Halmashauri za Geita na Chato zisingoje siku kama hiyo. Zikae na TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za taifa, na vikundi vya ulinzi wa mialo, zitenge sehemu ya fedha hizo kwa mafunzo na boti salama, na zikubaliane kwa maandishi ni kiasi gani cha ada ya kila mgeni kitarudi kwenye kijiji cha wavuvi.