Wewe Ulikaa Kiti cha Ngapi?

Makamanda, wiki iliyopita nilipanda gari la Makumbusho kwenda Bagamoyo. Pale Tegeta Kibo foleni ikatushika. Kaka mmoja siti ya nyuma akasema, tena kwa sauti ya chini, "Ni hapa walimshusha yule mzee wa CHADEMA." Gari zima likanyamaza. Hakuna aliyeuliza mzee gani, maana wote tulijua.

Ijumaa ya tarehe 6 Septemba 2024, Ali Mohamed Kibao, mjumbe wa sekretarieti ya chama chetu, alikuwa ndani ya basi akienda kwao Tanga. Watu wenye silaha wakalisimamisha, wakampiga pingu, wakaondoka naye. Kesho yake mwili wake ukapatikana Ununio. Hapo si mbali, ni kando ya bahari hiyo hiyo tunayoenda kuogelea Jumapili. Alikuwa amepigwa sana na amemwagiwa tindikali usoni. Rais akaagiza uchunguzi. Mpaka naandika haya, sijasikia mtu aliyefikishwa mahakamani kwa kifo hicho.

Mitandaoni wengi wetu tuliwageukia abiria. "Basi zima mmekaa tu kama magunia!" Na mimi niliandika hivyo, sikatai. Leo naona niliwaonea. Mtu ana bunduki, wewe una mfuko wa mikate na mtoto mapajani, ungefanya nini? Tena wale abiria ndio waliosema walichokiona. Bila wao tungeambiwa mzee amepotea tu, labda kaenda kwa ndugu zake.

Mtazamaji ninayemlaumu mimi hakuwa kwenye lile basi. Ni yule aliyepata habari akiwa salama kwake akasema, "Lazima kuna kitu alifanya." Sentensi hiyo nimeisikia Bunju, nimeisikia Mapinga, nimeisikia barazani kwetu Bagamoyo kwenye kahawa, tena kwa watu wazima wanaoswali safu ya mbele. Ukishasema hivyo umemmaliza mtu mara ya pili, na umempa mtekaji ruhusa ya kurudi.

Halafu tuko sisi. Tunabadilisha picha ya wasifu kwa siku tatu, ya nne tunabishana kuhusu Simba na Yanga. Hebu tuwe wakweli, hata hatujui familia ya marehemu inaendeleaje.

Kumbukeni na Kiluvya, Novemba mwaka ule ule. Mfanyabiashara alikataa kuingizwa kwenye gari, akang'ang'ania mlango, akapiga kelele. Watu walikuwepo, na kuna aliyerekodi. Wale jamaa wakashindwa, wakaondoka. Video ikasambaa nchi nzima, polisi wakakamata watu na kesi ikafika mahakamani. Aliyerekodi hakurusha hata ngumi moja.

Kwa hiyo sikuombi uvamie mtu mwenye bastola. Sheria inasema anayekamatwa aambiwe kosa lake, basi kama hali inaruhusu, uliza kwa adabu tu: afande, mnampeleka kituo gani? Ukiogopa kuuliza, shika namba za gari, saa na mahali. Wapigie watu wa kwao saa ile ile, siyo ukishafika nyumbani na kuoga. Mpigie wakili, mpigie kiongozi wa tawi. Kibao alichukuliwa Ijumaa, Jumamosi ni maiti. Hapo katikati ndipo saa zilipopotelea.

Pale kwenye foleni, konda wetu ndiye aliyevunja ule ukimya. Akasema mabasi ya mikoani tiketi ina jina na namba ya simu ya abiria, ila hizi gari zetu hazina kitu, mtu akishushwa hapa hata jina lake hatulijui. Mama mmoja aliyekuwa anashuka Kerege akafungua pochi, akatoa kalamu, akamwandikia namba ya mwanawe nyuma ya risiti.

"Kaa nayo," akamwambia. "Mimi napanda gari yako kila Jumanne."