Akili Unde Ina Mikono, na Mikono Hiyo ni ya Vijana Wetu

Majuzi nilikuwa safarini kutoka Mombasa kwenda Nakuru. Tulipofika Kikopey, karibu na Gilgil, dereva akaegesha gari, kwani ni wachache wanaopita pale bila kula nyama choma. Nikaagiza nusu kilo ya mbuzi na kachumbari.

Kijana aliyenikatia nyama aliniona nikisoma habari za akili unde kwenye simu, akacheka. "Mzee, hiyo mashine mimi nimeifundisha."

Nilidhani ni mzaha. Akanieleza kwamba kwa zaidi ya mwaka alifanya kazi nyumbani kwa kompyuta, akichora mistari kuzunguka magari na watu kwenye picha ili mashine ijifunze kuvitambua. Alilipwa kwa idadi ya picha. Asubuhi moja akaunti ikakataa kufunguka. Hakupewa notisi, na malipo ya siku za mwisho hakuyaona. "Ningemlalamikia nani? Hata meneja sikuwahi kumjua."

Swali hilo ndilo kiini cha mvutano mkubwa wa teknolojia nchini mwetu leo: nani mwajiri wa vijana hawa?

Mwaka 2022 Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyekuwa akichuja video na picha za Facebook jijini Nairobi, aliishtaki Meta pamoja na kampuni ya Sama iliyomwajiri. Januari 2023 jarida la TIME likaripoti kwamba wafanyakazi wa Sama waliosaidia kuisafisha ChatGPT matusi na ukatili walipata chini ya dola 2 kwa saa, ilhali mkataba uliitaka OpenAI kuilipa Sama dola 12.50 kwa saa. Mwaka huohuo wachujaji zaidi ya 180 walikwenda mahakamani baada ya kupoteza kazi. Uchunguzi wa kitabibu uliowasilishwa baadaye ulionyesha kuwa zaidi ya 140 kati yao wana kiwewe kikali, kwa sababu ya kutazama mauaji na unajisi siku nzima ili mimi na wewe tusiyaone.

Meta ilidai kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaikatalia: inaweza kushtakiwa hapa. Lakini mwaka huohuo ukaletwa katika Seneti mswada wa kuzikinga kampuni za nje zinazotoa kazi kwa mawakala wa hapa zisidaiwe na wafanyakazi wa mawakala hao. Hoja yake ni kwamba tukiwabana wawekezaji, watahamia kwingine na ajira zitakwenda nao.

Siibezi hoja hiyo. Kazi ni haba, na kijana wa Kikopey mwenyewe angeirudia ile kazi kesho. Lakini alichokosa ni mtu wa kumwajibikia, na mswada kama huo ungeifanya hali yake kuwa sheria.

Sisi watu wa Mombasa hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Bandari yetu ilijengwa kwa jasho la vibarua wa kutwa, walioitwa leo na kesho wakaambiwa hakuna kazi. Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi waligoma mjini, na chama chao kikaongozwa na Chege Kibachia. Serikali ya mkoloni ilimkamata, ikampeleka kizuizini Kabarnet, si mbali sana na hapo nilipokuwa nikila nyama. Wakati ule pia tuliambiwa kwamba madai yataharibu biashara. Meli hazikuacha kuja.

Na wapo vijana wetu wa Pwani wanaofanya kazi hizihizi usiku kucha. Kwao nasema: andikeni saa zenu, hifadhini picha za akaunti na malipo, msikae mmoja mmoja. Wachujaji wa Nairobi waliamua kuunda chama chao Mei Mosi 2023. Na wabunge na maseneta wetu watuambie waziwazi wako upande gani.

Nilipomaliza kula nililipa kwa simu. Kijana akaangalia ujumbe, akatabasamu. "Hapa angalau, mzee, naona anayenilipa."