Ikichoma, Inakuchoma Tu

Kuna sentensi moja ambayo ningependa kuizika kabla sijafikisha miaka thelathini. Niliisikia katika duka la vipodozi mjini Kisii, taa nyeupe zikiwaka saa sita mchana. Dada wa kaunta alinipaka kitu shavuni, nikaruka, akacheka. "Itachoma kidogo, sister. Ikichoma, ujue inafanya kazi."

Nilimwamini. Nilikuwa na shilingi 2,300 mkononi, harusi ya binamu yangu Keroka baada ya wiki mbili, na uso ambao tangu utotoni umekuwa ukinigombanisha na vioo.

Nina ukurutu. Watanzania wengi huuita pumu ya ngozi, na naona jina lao ni zuri zaidi kwa sababu linaonyesha ukoo: ukurutu, pumu ya kifua na mafua ya mzio mara nyingi hukaa katika familia moja. Nyumbani kwetu Nyamira, upande wa Kebirigo, kaka yangu alirithi kifua, mimi nikarithi ngozi. Yeye akikohoa usiku, nyumba nzima inaamka. Mimi nikijikuna usiku, naambiwa niache tabia mbaya.

Siku hiyo nilitoka dukani na vitu vitatu. Sabuni ya maji yenye asidi. Serumu ya vitamini C. Na krimu iliyochotwa kwa kijiko kutoka kwenye ndoo, ikatiwa katika kikopo cheupe kisicho na maandishi yoyote. "Huu ni mchanganyiko wetu," akasema, kwa sauti ya mtu anayekugawia siri ya familia.

Nikuambie ukweli: ilifanya kazi. Asidi na serumu zilichoma, lakini kile kikopo kilizima moto wote. Kufikia siku ya harusi uso wangu ulikuwa laini kama kinyago cha Tabaka kilichotoka kusuguliwa. Mashangazi waliniuliza ninapaka nini. Picha ninazo mpaka leo, na ni nzuri mno.

Kisha kikopo kikaisha.

Siku ya tatu bila krimu niliamka kama mtu aliyelalia siafu. Kope zimevimba, mashavu yamekuwa ya zambarau, pembe za mdomo zimepasuka na kutoa maji. Nilirudi dukani nimejifunika leso. Dada aliniangalia kwa huruma ya kweli, sitamsingizia. "Ngozi inatoa uchafu," akasema. "Usiache sasa." Akaniuzia kikopo kingine, kikubwa kuliko cha kwanza.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Sina ugomvi na yule dada, naye anatafuta kodi ya nyumba kama mimi. Ugomvi wangu ni na biashara nzima iliyotufundisha kwamba kila shida ya ngozi inatibiwa kwa kuongeza kitu. Imekauka? Ongeza. Imeungua? Ongeza. Imeungua kwa sababu ya ulichoongeza jana? Kuna serumu ya kutuliza, shilingi 1,500, na ukinunua mbili unapunguziwa. Mimi nasema hivi: ngozi iliyoungua inataka kupunguziwa. Na kwa sababu hakuna anayepata faida ukipunguza, hakuna wa kukuambia.

Aliyeniambia ni daktari mmoja katika hospitali ya umma. Kwa kazi yake ni afisa wa kliniki, lakini sisi huku tunasema daktari. Nilipiga foleni tangu saa moja asubuhi. Akaniuliza, "Unatumia nini usoni?" Nikamtajia vitu saba, maana kufikia hapo nilikuwa nimeongeza. Akaandika vyote, akachora mstari juu ya vyote. "Acha."

"Halafu nipake nini, daktari?"

"Maji ya uvuguvugu, na mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Na hii haidrokotisoni ya asilimia 1, kidogo sana, siku tano tu. Kisha urudi nikuone."

Nilikasirika, nakiri. Nimepiga foleni mpaka saa saba nije kuambiwa nipake kitu ambacho mama anaweka dirishani kando ya kiberiti! Sisi ni kizazi cha Arimis, na tunajua aibu yake. Ile jeli ilitengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua, na shuleni tuliwacheka waliokuja asubuhi wakimeremeta nayo. Mtu alipopata pesa yake ya kwanza, kitu cha kwanza kukimbia kilikuwa hilo kopo. Nilitumia maelfu ya shilingi kukimbia kopo la mama yangu, na daktari akanirudisha palepale.

Lakini sikiliza sababu yake. Tabaka la juu la ngozi ni kama ukuta wa matofali: seli ndizo matofali, na mafuta yaliyo katikati ndiyo simiti. Mwenye ukurutu amezaliwa na ukuta ambao simiti yake ni haba. Maji yanatoka, vitu vya kuwasha vinaingia. Asidi, manukato, kusugua kwa sponji, maji moto ya asubuhi za baridi, vyote vinazidi kukwangua ile simiti kidogo iliyobaki. Mafuta ya mgando hayana ujanja wowote. Hayalishi ngozi, hayana vitamini, hayang'arishi. Yanafunika ukuta tu, maji yasitoroke, ili mwili ujijengee wenyewe kwa amani. Robert Chesebrough alipata hataza ya Vaseline huko Marekani mwaka 1872. Kitu cha miaka zaidi ya 150, kinachouzwa bei ya chipsi, hakiwezi kutengenezewa video ya kusisimua. Ndiyo maana huoni mtu akikipigia debe kwa machozi.

Kile kikopo je? Krimu inayozima mwasho kwa siku mbili na kukung'arisha kwa wiki moja mara nyingi huwa na steroidi. Na steroidi si shetani. Ile haidrokotisoni niliyopewa ni steroidi, ila iko chini kabisa kwa nguvu. Kwenye kilele cha ngazi hiyohiyo iko klobetasoli, dawa ya magonjwa mazito ya ngozi, ambayo usoni hukonda ngozi, huleta chunusi, na ukiizoea kisha uiache ghafla, moto uliokuwa umezimwa unarudi na deni. Katika kikopo changu kulikuwa na nini? Hakuna lebo. Daktari hakuweza kusema, muuzaji hakuweza kusema, na mimi niliyekuwa nakipaka karibu na macho sikuwa nimeuliza.

Usiniambie ni kwa sababu hakuna sheria. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na Shirika la Viwango, KEBS, lina orodha ya bidhaa zilizokatazwa. Ulimwengu mzima una Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake walilemazwa na zebaki. Rwanda, mwaka 2018, Rais Paul Kagame alilalamika hadharani, na polisi wakaingia madukani kuzoa krimu za kujichubua. Lakini orodha hukamata chupa yenye jina. Ndoo haina jina. Mchanganyiko wa leo si wa kesho. Sheria inatafuta chupa rafuni, kumbe mzigo uko nyuma ya kaunta na kijiko ndani yake.

Na kuna mtego mwingine ambao wenzetu wa ngozi nyeupe hawaujui sana. Vitabu vinasema ngozi iliyokasirika huwa nyekundu. Yangu haikuwa nyekundu hata siku moja. Ilikuwa zambarau, kisha kahawia, kisha kijivu. Mwaka 2020, Malone Mukwende, mzaliwa wa Zimbabwe aliyekuwa akisomea udaktari London, alishirikiana na walimu wake kutoa kitabu kiitwacho Mind the Gap, kinachoonyesha dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi, kwa sababu alichoka kufundishwa kwa picha za watu wasiofanana naye. Kwetu sisi, moto ukizimika unaacha madoa meusi, na yanaweza kukaa miezi. Sasa fikiria biashara hii ilivyo tamu: krimu inakuunguza, kuungua kunaacha madoa, madoa yanakupeleka kununua krimu ya kuyafuta, nayo inakuunguza. Hapo unazungushwa kama ng'ombe wa mnada, na kila mzunguko unalipa.

Wakati huo kijijini watu walikuwa na maelezo yao. Mtu akiharibika uso ghafla, wapo watakaotafuta mkono wa jirani. Jirani yetu mmoja alimnong'oneza mama kwamba uso wangu "si wa bure", na akamtazama bibi mmoja anayekaa peke yake kule chini karibu na mto. Nilipata baridi. Tunajua uvumi wa namna hiyo umewahi kuua wazee wetu huku Gusii. Nilimwambia mama mbele ya jirani, kwa sauti: nilijipaka mwenyewe, na risiti ya M-Pesa ninayo. Ukiuficha ukweli wa kile kikopo kwa aibu, usidhani aibu inaishia kwako. Kuna mwingine anaweza kuubeba mzigo wako.

Wengine wakaja na dawa za asili. Ndimu. Magadi. Kitunguu saumu. "Haina kemikali," wanasema. Upupu pia hauna kemikali za kiwandani, mbona hujipaki? Maji ya ndimu usoni kisha jua la mchana yanaweza kukuachia malengelenge na madoa. Shamba la nyumbani si hakikisho la usalama.

Nitaambiwa, "Lakini hizo asidi na serumu zinasaidia watu." Ndiyo, zinasaidia. Mwenye ukuta mzima anaweza kuupiga rangi anavyotaka. Mimi nasema kuhusu ukuta uliobomoka. Nitaambiwa pia kwamba uso ni urembo, niandike mambo mazito. Haya, lala wiki tatu bila usingizi kwa sababu ya mwasho, uende usaili wa kazi Jumatatu na kope zilizovimba, kisha uje tujadili uzito. Huko Moshi, Tanzania, tangu mwaka 1992 kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, katika hospitali ya KCMC, kinachofundisha maafisa wa kliniki kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Kuna watu waliona zamani kwamba ngozi ni ugonjwa kamili, na kwamba anayeutibu anafaa kuwa karibu na mgonjwa kuliko muuza ndoo alivyo karibu. Tudai huyo mtu kwenye kila hospitali ya kaunti, Kisii na Nyamira.

Kwa sasa, kama uso wako unawaka unaposoma haya, fanya kidogo. Acha vyote vipya. Nawa kwa maji ya uvuguvugu, mikono mitupu, bila sponji. Gusa kwa kitambaa safi mpaka unyevu ubaki kidogo, kisha paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu kabla ngozi haijakauka. Ikiwasha sana, lowesha kitambaa safi kwa maji baridi ukiweke dakika kumi. Jikinge na jua. Mwavuli tulionunua kwa mvua ya Kisii hauchagui hali ya hewa. Vumilia wiki kadhaa, kwa sababu ukuta haujengwi kwa usiku mmoja. Siku ukitaka kujaribu kitu kipya, kijaribu ndani ya mkono karibu na kiwiko kwa wiki nzima, kimoja kimoja.

Kuna mahali ambapo kupunguza peke yako hakutoshi. Ukiona magamba ya njano, usaha, homa, macho yanafumba kwa uvimbe, au vipele vidogo vya maji vinavyouma na kufanana, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama umepaka krimu kali kwa miezi, usipambane na kuiacha ukiwa chumbani peke yako. Beba kikopo chako, hata kama unaona haya, ukimweke juu ya meza ya daktari.

Uso wangu ulichukua karibu miezi mitatu. Madoa mawili bado yako kwenye taya. Nimeyaacha.

Mwezi uliopita nilimkuta mdogo wangu, amemaliza Form Four juzi tu, ameshika kikopo cheupe. Amenunuliwa na rafiki yake. Nilimuuliza maswali matatu: kina nini ndani, nani alikiandikia lebo, na siku ukiacha itakuwaje? Hakuwa na jibu hata moja. Akasema tu, "Lakini, sis, inachoma, si ndio inafanya kazi?"

Nilimpa simu yangu. Nikamwonyesha kwanza picha ya harusi, halafu ile niliyopiga siku nne baada ya kikopo kuisha.