Maji Yakijaa, Wazazi Semeni Nasi

Nawashukuru wahariri wa jarida la chama chetu cha Kiswahili kwa kunipa nafasi nami nitoe dukuduku langu. Nataka kuzungumzia jambo ambalo sisi wa shule ya kutwa tunalijua kuliko wenzetu wa bweni. Kila jioni tunarudi nyumbani, na yaliyoko nyumbani tunakuja nayo darasani asubuhi.

Hapa Garsen shida si ngeni. Maji ya Mto Tana huteremka kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Mabwawa ya huko juu, kama Masinga na Kiambere, yakifurika, sisi wa huku chini hufikiwa na maji hata kama kwetu hapajanyesha. Wazazi wetu waliyaona mafuriko ya El Nino mwaka 1997. Sisi tumeyaona ya 2018, ya mwishoni mwa 2023 na tena ya 2024. Katikati yake kuna mapigano ya wakulima na wafugaji ya 2012 na mwanzo wa 2013, yaliyoua zaidi ya watu 100. Wakati huo nilikuwa mdogo sana, lakini hofu yake naijua. Mpaka leo mzozo ukitokea kidogo tu malishoni, naona nyuso za wakubwa zinavyobadilika.

Shida ikija, utasikia watu wakihesabu magunia ya mahindi, maturubai, vyandarua na dawa ya maji. Hayo yote ni muhimu, tumbo halingoji. Lakini nauliza, nani anahesabu usingizi wa mtoto? Maoni yangu ni haya: kinachomshinda mtoto si maji peke yake. Kinachomshinda zaidi ni kuona nyumba nzima imenyamaza, au inagombana, naye hajui kwa nini.

Mwaka ule wa 2023 tulihamia mahali pa juu, na turubai halina ukuta. Majirani zetu, baba na mama, waligombana kila usiku juu ya unga na pesa. Asubuhi mtoto wao wa gredi ya pili hasemi na mtu. Turubai la pili njaa ilikuwa ile ile, lakini nyanya mmoja aliwakalisha wajukuu wake kila magharibi akawaambia: leo kuna uji tu, kesho baba yenu atakwenda kuangalia nyumba, tutakaa hapa mpaka maji yashuke. Wale watoto walicheza, tena walilala. Na maji ni yale yale!

Kuna pia desturi ya kututawanya, mmoja Malindi kwa shangazi, mwingine Hola kwa mjomba. Si vibaya, undugu ndio huo. Ubaya ni kumpakia mtoto kwenye matatu bila kumwambia kwa nini, wala atarudi lini. Kule Uingereza vita vilipoanza mwaka 1939, watoto wengi walihamishwa kutoka London wasipigwe na mabomu. Anna Freud na Dorothy Burlingham, waliolea watoto jijini humo wakati wa vita, waliandika kwamba kutenganishwa na wazazi kuliwaumiza watoto kuliko mabomu yenyewe. Kama ni hivyo kwa mabomu, sembuse maji?

Najua wapo watakaosema mambo ya wakubwa hayamhusu mtoto, na eti mtoto husahau haraka. Kwa heshima zote, sikubali. Mtoto asipoambiwa hujitungia mwenyewe, na analojitungia huwa baya kuliko la kweli. Wengine hudhani baba hasemi kwa sababu wao ndio mzigo. Halafu mwalimu anashangaa alama zimeshuka.

Sisemi wazazi wasikasirike. Wao nao wamepoteza mpunga, migomba na ng'ombe, na hakuna anayewauliza wamelalaje. Wazee wa Gasa kwa Wapokomo na wa Matadeda kwa Waorma husikiliza ugomvi wa mashamba na malisho. Nawaomba wasikilize pia ugomvi wa nyumba zilizohama, kabla haujamfikia mtoto. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi, baba na mama wakiwajibika sawa. Kutunza si chakula tu.

Nawe mwanafunzi mwenzangu, kama nyumbani pamekuwa pazito, tafuta mtu mzima mmoja unayemwamini, awe nyanya, mjomba au mwalimu. Ukikosa, nambari 116 ya watoto hupigwa bure.

Wahenga walisema fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Sisi ndio nyasi, na bado tunataka kumea. Wazazi wetu wapenzi, mto utajaa tena. Siku hiyo, kabla ya kufunga virago, tuketisheni dakika tano tu. Tuambieni tunakwenda wapi na nani anabaki. Mkituambia, hata mizigo tutawasaidia kubeba.