Mringaringa Urudi Viwanjani Mwetu

Mtu azungukaye viwanja vya shule na ofisi zetu za serikali hakosi kuuona mjakaranda uliotoka Amerika ya Kusini, mkrismasi uliotoka Madagaska na mkaratusi uliotoka Australia. Hatusemi miti hiyo ing'olewe, kwani imetufaa kwa miaka mingi. Lakini si haki kwamba mti wa asili unaostahili heshima hiyo hiyo uachwe nje ya lango.

Mti tuusemeao ni mringaringa. Huu ni mti wa Afrika, nao humea vizuri katika nyanda za juu zenye mvua ya kutosha. Unapochanua hufunikwa na maua meupe yenye harufu nzuri, na nyuki huyajia kwa wingi. Baadaye huzaa matunda madogo ya manjano, yenye nyama tamu inayonata, ambayo ndege na tumbili huyala. Wakulima wa Kilimanjaro waliijua thamani yake tangu zamani: katika vihamba vyao huuacha uitie kivuli kahawa, na hatimaye huwapa mbao za milango na samani.

Wako wasemao kwamba mti huu huchafua uwanja, maana hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Ni kweli hupukutisha. Lakini majani hayo yakikusanywa shimoni huwa mbolea ya bustani ya shule. Tena nyuki wanaolishwa na mringaringa ndio hao hao wanaochavusha maparachichi na kahawa ya mkulima jirani. Tukiwanyima malisho, tunajipunguzia mavuno wenyewe.

Kazi yenyewe si kubwa. Matunda yaliyoiva yaokotwe, yaoshwe mpaka ute utoke, mbegu zisiwe kitaluni, na miche ihamishwe mvua zinapoanza. Ipandwe mbali kidogo na kuta, na izungushiwe miiba ili mbuzi wasiifikie. Pwani na sehemu zenye ukame, mkwaju wafaa zaidi.

Basi yafaa kila kitalu cha umma kitenge sehemu kwa miti ya asili, na kila mwalimu awape wanafunzi wake mche wa kuutunza na jina la kulikumbuka. Ni aibu mtoto wetu kuufahamu mjakaranda kabla ya kuufahamu mringaringa. Msimu ujao wa mvua, kabla ya kuchimba shimo, na tuulize kwanza: mti huu utamlisha nani?