Fisi Nao Walikuwa na Njaa

Boom halijatoka, bando limekata, na mwenzangu wa chumbani ana filamu moja tu kwenye laptopu: The Lion King, ile ya 1994. Tukaiangalia kwa chai ya rangi isiyo na kitafunwa. Nimeiona tangu nikiwa mdogo, nikijivunia kwamba Simba, Rafiki na Pumbaa ni maneno yetu. Safari hii nikajikuta niko upande wa fisi.

Kumbuka Mufasa anavyomwonyesha mwanawe nchi. Kote kunakofika jua ni milki ya ukoo wao. Kule gizani wanaishi fisi, marufuku kukanyaga. Nani aliwapeleka huko, na kwa kosa gani? Filamu haisemi. Tunaambiwa tu kwamba wana njaa, na njaa yenyewe inaonyeshwa kama tabia mbaya.

Mufasa ana nadharia yake: sisi tunakula swala, tukifa tunageuka majani, swala nao wanakula majani. Nadharia tamu, hasa kwa anayekula. Swala hakuulizwa. Kazi yake ilikuwa kuja kupiga magoti siku mtoto wa mfalme alipozaliwa.

Mwenzangu akanikatiza: "Acha hizo, kaka, hii katuni ya watoto. Halafu Scar je? Si muuaji yule? Si dikteta?"

Ni kweli, hapo amenishika. Scar anawaahidi fisi kwamba hawatalala njaa tena, nao wanaandamana mbele yake kwa gwaride ambalo wengi wamelifananisha na yale ya Hitler. Akishapata kiti, njaa inazidi. Mchezo huo tunaujua. Msimu wa kampeni hapa chuoni kila mgombea ana boom mdomoni.

Lakini dawa yake ni ipi? Arudi mtoto wa mfalme. Hajapigiwa kura, hajawahi kuongoza hata kikao, miaka yote alikuwa porini anakula wadudu na kuimba hakuna matata. Sifa yake ni damu. Naye akirudi, mvua hiyo! Yaani hata mawingu yana chama.

Na kwa wanyama wenyewe mambo hayako hivyo. Hans Kruuk, aliyewafuatilia fisi madoa Ngorongoro na Serengeti miaka ya 1960 na kutoa kitabu mwaka 1972, alikuta kwamba chakula chao kingi wanakiwinda wenyewe. Kule Ngorongoro, mara nyingi simba ndio waliokuwa wakiwapora fisi mawindo. Tena simba dume harithi kundi la baba yake. Akikua anafukuzwa, akapiganie la wengine. Wanaorithi vyeo ni fisi, na wanarithi kwa mama. Sasa mtoto wa Karatu, anayeishi jirani na wanyama hawa, anafundishwa kinyume chake kwa majina ya lugha yake mwenyewe.

Mwishoni fisi wanamgeuka Scar, nchi inarudi kuwa kijani, mtoto mwingine anainuliwa juu ya mwamba. Wanyama wote wamekuja. Nikamuuliza mwenzangu, fisi wako wapi? Akasema lazima watakuwepo nyuma kule. Akarudisha filamu, tukaangalia tena polepole, twiga, tembo, pundamilia, ndege.

Akafunga laptopu. "Oya," akasema, "kwani boom linatoka lini?"