Likasi: Anayeshika majina ya wakimbizi wa ndani ahesabu kwanza mashine yake

Likasi, Haut-Katanga – Mji wa Likasi umekulia kwenye mgodi na kiwanda. Tangu enzi za Union Minière, kisha Gécamines, mfanyakazi wa magazini alijua kwamba pampu isiyoandikwa kitabuni ni pampu iliyokwisha kupotea. Ajabu ni kwamba desturi hiyo nzuri inaishia mlangoni mwa chumba cha kompyuta. Mkuu wa ofisi akiulizwa seva yake ina diski ngapi, mara nyingi ataonyesha kwa kidole sanduku lililo chini ya meza.

Kwa familia zilizokimbia makwao hilo si jambo dogo. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa na kulala kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni, hakukuwa na seva. Leo jina la mama, idadi ya watoto wake na siku aliyofika vinaingia kwenye kompyuta. Diski ikifa, anaambiwa jina halionekani, arudi nyuma ya foleni.

Kuhesabu seva hakuhitaji mradi wala mfadhili. Seva nyingi hutumia Linux, nayo hujibu swali lililoandikwa kwenye dirisha la amri. Fundi akiandika lscpu, anapata aina ya prosesa. free -h inaonyesha kumbukumbu, lsblk inataja diski moja moja, df -h inasema nafasi iliyobaki. cat /etc/os-release inatoa jina na toleo la mfumo. Kwa namba ya mashine na mtengenezaji kuna sudo dmidecode -t system, ingawa mashine za kuungaunga hujibu mara nyingine kwamba mtengenezaji hakujaza chochote. Kwenye Windows, neno moja, systeminfo, linatoa mengi ya hayo.

Majibu yasiachwe kwenye skrini. Yahifadhiwe kila mwezi kwenye faili yenye tarehe: lsblk >> hesabu.txt. Hapo lazima kuwa macho, kwani alama mbili zinaongeza jibu chini ya yaliyokuwemo, lakini alama moja inayafuta yote.

Wapo watakaosema daftari la mkono linatosha. Daftari linanakili kibandiko cha nje. Kumbukumbu ya GB 16 ikichomolewa usiku zikabaki 8, kibandiko hakitabadilika. Free -h itasema asubuhi ile ile. Wezi wa vipuri wanapenda sana ofisi za madaftari.

Toleo la mfumo nalo lina uzito wake. CentOS 7 iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 30 Juni 2024, na Windows 10 ya kawaida ilifikia mwisho wa huduma yake ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi isiyojua inatumia toleo gani haiwezi kujua kama mlango wake uko wazi. Na pale umeme unapokatika bila taarifa, diski ziulizwe afya yake kwa sudo smartctl -H, likifuatiwa na jina la diski. Jibu zuri si dhamana, maana diski hufa hata baada ya kusema ni nzima. Jibu baya, hata hivyo, halingoji kesho: majina yanakiliwa siku hiyo hiyo.

Faili ya hesabu haina jina la mkimbizi hata mmoja, kwa hiyo tarehe yake na idadi ya diski vinaweza kusomwa mbele ya kamati ya wakimbizi bila kumweka mtu hatarini. Namba za mashine na anwani za mtandao zibaki ofisini, zisitupwe kwenye kundi la WhatsApp.

Kamati hizo hazihitaji kujua amri hata moja. Zina haki ya kuuliza mambo mawili kila mwezi: seva ilihesabiwa lini, na nakala ya pili ya majina iko katika jengo gani?